Njia za Wazee katika Bonde la Angrogna

Katika nchi ya Italia, upande wa magharibi karibu na mpaka wa Ufaransa, kuna bonde jembamba liitwalo Angrogna. Mto wake hushuka kwa kishindo kutoka milima ya Alpi, hata kufika mji mdogo wa Torre Pellice. Nyumba za kale ni za mawe, na mapaa yake pia ni ya mawe mapana, ili yachukue uzito wa theluji wakati wa baridi. Watu wa bonde hilo, pamoja na mabonde ya jirani, huitwa Wawaldensi.

Wageni wengi huenda huko. Hawaendi kutazama milima tu, bali hutembea kwa miguu pamoja na kiongozi ajuaye habari za mahali pale. Sisi nasi na tufuatane nao kwa fikira, maana njia ile ina mafundisho.

Kwanza yatupasa kujua watu hawa walitoka wapi. Karibu na mwaka 1174, katika mji wa Lyon, mfanya biashara mmoja tajiri, jina lake Valdo, aligawa mali yake kwa maskini, akaanza kuwahubiri watu katika lugha yao wenyewe. Wakubwa wa Kanisa wakamkataza, walakini wafuasi wake hawakunyamaza. Wakafukuzwa huku na huku, na baadhi yao wakapata kimbilio katika mabonde haya ya juu. Wahubiri wao walikwenda wawili wawili kwa siri, wakiwa wameshika moyoni sehemu kubwa za Maandiko. Watu waliwaita “barba”, maana yake mjomba. Tazama jinsi jina hili lilivyofaa! Mjomba akiingia nyumbani, jirani haulizi amefuata nini.

Kutoka kijiji cha San Lorenzo njia hupanda mpaka kwenye pango liitwalo Gueiza d'la Tana, yaani Kanisa la Pangoni. Mlango wake ni mwembamba, hata mtu hana budi kuinama na kutambaa kwa mikono na magoti. Ndani kuna nafasi ya kusimama, na mwanga kidogo huingia kwa ufa ulio juu. Wazee wamepokezana habari ya kuwa hapo watu waliabudu kwa kujificha wakati wa mateso. Kiongozi mwema huwaambia wageni waziwazi kwamba habari hii ni mapokeo. Twasifu desturi hiyo, kwa sababu asemaye kweli katika neno dogo huaminiwa katika neno kubwa.

Mbali kidogo na hapo ni Chanforan, ambapo pana nguzo ya mawe iliyosimamishwa mwaka 1932. Hapo neno halina shaka. Mwezi wa Septemba mwaka 1532 Wawaldensi walikutana mahali pale, wakafanya shauri siku nyingi, naye Guillaume Farel akawapo. Wakaazimu kuungana na Matengenezo ya Kanisa na kuacha kuabudu kwa siri. Tena wakakubali kutoa fedha ili Biblia ipigwe chapa kwa Kifaransa. Biblia hiyo, iliyofasiriwa na Olivétan, ilitoka mwaka 1535 karibu na mji wa Neuchâtel. Basi fikirini, ndugu: wachungaji wa mbuzi na wakulima wa milimani walilipia kitabu kikubwa namna ile!

Katika njia hiyo iko pia shule ndogo ya Odin-Bertot, ambayo sasa ni nyumba ya makumbusho. Ni chumba kimoja tu. Shule za namna hii zilisaidiwa sana na Charles Beckwith, askari Mwingereza aliyepoteza mguu mmoja katika vita vya Waterloo mwaka 1815. Alifika mabondeni mwaka 1827, akakaa na watu na kujenga shule katika vitongoji vyao, hata akafa huko mwaka 1862. Kwa hiyo watoto wa maskini walijua kusoma, hata wale waliokaa mbali kabisa na mji.

Lakini njia hizi zimekanyagwa kwa machozi pia. Mwaka 1655, wakati wa Pasaka, askari wa Mtawala wa Savoia waliwaua watu wengi mabondeni. Mwaka 1686 maelfu walitiwa ngomeni, na wengi wakafa humo kwa njaa na maradhi. Waliosalia wakavushwa milima wakati wa baridi kwenda Geneva. Ndipo mwaka 1689 watu karibu 900, wakiongozwa na mchungaji Henri Arnaud, walivuka ziwa la Geneva usiku, wakarudi kwa miguu juu ya milima mirefu mpaka kwao. Huko Sibaud, katika bonde la Pellice, waliapa kwamba hawataachana. Siku hizi watu hutembea katika njia ile ile kwa hiari yao, na kulala salama jioni.

Mwaka 1848, tarehe 17 Februari, Mfalme Carlo Alberto aliwapa haki sawa na raia wengine. Hata leo, usiku wa kuamkia siku hiyo, mioto huwashwa mabondeni kwa furaha. Na mwaka 2015 Papa Francis aliingia katika kanisa la Wawaldensi mjini Torino, akaomba msamaha kwa matendo ya zamani. Hivyo ukumbusho mwema hauchochei kisasi, bali huandaa mahali pa kupatana.

Liko jambo moja la huzuni. Uhuru ulipokwisha kuja, shamba lilibaki dogo vile vile. Wengi walihama, wengine mpaka Uruguay, na katika vitongoji vya juu nyumba nyingi zimebaki tupu. Kuta za mawe zilizoshika udongo wa mashamba zabomoka, na miti yazifunika. Bonde ambalo majeshi hayakuweza kulifuta laweza kusahauliwa kwa ukimya tu. Ndiyo sababu kazi ya kiongozi si mchezo: kila safari huifungua njia tena, kwa miguu na kwa maneno.

Nasi je? Katika kila kijiji kuna mti, kisima au kaburi ambalo habari zake zajulikana na mzee mmoja tu. Wazee wetu husema, penye wazee haliharibiki neno. Yafaa basi Jumapili moja, baada ya ibada, wazazi wawachukue watoto, wamwombe mzee atangulie mbele, nao wamfuate polepole wakiuliza. Na aliye na kalamu aandike.