Pikapu ya zamani imeliwa na kutu: uitengeneze au uiache?

Pikapu ni ya miaka ya tisini. Injini inawaka vizuri asubuhi, lakini ukiinua zulia miguuni kwa dereva unaiona barabara. Fundi mmoja anakwambia ni kazi ya wiki moja, mwingine anakwambia uza chuma chakavu. Wasikilizaji wetu wa ukanda wa pwani hutuuliza swali hili mara kwa mara, na wengi huanzia pasipofaa: kwenye rangi.

Tuanze na kutu yenyewe. Chuma kikikutana na maji na hewa kinaliwa taratibu. Chumvi huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana upepo wa bahari ni adui wa magari. Lakini usiulaumu upepo peke yake, angalia na unachopakia. Maji ya barafu ya samaki, magunia ya chumvi, mbolea iliyomwagika, mkojo wa ng'ombe wanaopelekwa mnadani: vyote hivyo huchuruzika kwenye nyufa za bodi na kuishia chini, mahali usipopaona. Gari lililonunuliwa Japani likiwa limetumika nalo linaweza kuja na kutu yake, kwa kuwa sehemu za kule zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani ili barafu iyeyuke.

Sasa tofautisha mambo mawili. Kutu ya milango, madigadi, sakafu ya kebini na bodi ya mizigo ni suala la pesa. Bati linakatwa, linachomelewa jingine, maisha yanaendelea. Kutu ya chesisi ni suala la uhai. Chesisi ndiyo mifupa: injini, kebini, bodi na springi vyote vimefungwa juu yake. Ikikatika una tani ya mpunga nyuma, au mama mjamzito anawahishwa hospitali usiku, hakuna rangi itakayokusaidia.

Kwa hiyo kagua chini kwanza. Osha matope yote, acha pakauke. Inua gari kwa jeki, kisha liegemeze kwenye stendi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Chukua nyundo ndogo ugonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu kama gogo bovu. Palipo na shaka, sukuma kwa bisibisi. Ikizama, umepata jibu la mahali hapo.

Tumia muda mrefu zaidi pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, na pale kebini inapokalia raba zake. Matope hukaa sehemu hizo na kutu huanzia ndani ya chuma, hivyo nje panaweza kuonekana pazuri wakati ndani pamebaki kama karatasi. Fuata pia vibomba vya breki kwa mkono mpaka mwisho. Kikitoboka kimoja, pedali inazama na unapoteza breki, zote au sehemu yake. Kisha simama pembeni, gari likiwa chini, utazame mwanya kati ya kebini na bodi. Kama juu ni mwembamba na chini ni mpana, au kinyume chake, huenda chesisi imeshaanza kupinda.

Kama ndiyo kwanza unataka kuinunua, nenda na sumaku iliyofungwa kitambaa. Penye puti nene haishiki. Na chesisi ya gari kuukuu iliyopakwa rangi nyeusi mbichi wiki ya kuuzwa, mimi ningeikwangua kabla ya kutoa hata shilingi.

Tusidhani hili ni tatizo la magari ya kwetu tu. Marekani, mwaka 2016, Toyota ilikubali kumaliza kesi ya kutu ya chesisi za pikapu zake aina ya Tacoma na Tundra. Zilizokuwa zimetoboka hazikubandikwa viraka. Zilibadilishiwa chesisi nzima.

Kwetu kubadilisha nzima ni ghali, kwa hiyo watu huchomelea. Inawezekana, ikiwa palipooza ni padogo na fundi anakata mpaka afikie chuma kizima, kisha anaunga kwa chuma cha unene uleule. Kipande cha bati kilichobandikwa juu ya kutu kinaficha ugonjwa tu. Kabla moto haujawashwa, betri itolewe waya, na tenki la mafuta liondolewe kama liko karibu.

Namba ya chesisi nayo ina uzito wake, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari. Kama kutu imeila, au unafikiria kuweka chesisi ya gari jingine, pita TRA kwanza uulize utaratibu. Usimruhusu fundi aipitishie grenda.

Kisha piga hesabu. Mwombe fundi bei ya chesisi, bei ya bodi na bei ya rangi, kila moja peke yake, kabla kazi haijaanza. Ongeza theluthi juu yake, maana kutu ikikatwa hufunua nyingine. Tuseme jumla imefika milioni 7, na pikapu kama hiyo ikiwa nzima inauzwa milioni 9. Ikiwa yako ilivyo leo inauzwa milioni 4, utakuwa umeweka milioni 11 kwenye gari la milioni 9. Inaweza bado kufaa kama injini ni zile za dizeli za 2L, 3L au 5L, ambazo fundi wa kijijini anazimudu bila kompyuta, na kama chesisi imepita mtihani wa nyundo. Chesisi ikiwa imeoza sehemu nyingi, mimi nisingeendelea.

Hata hivyo hutatoka mikono mitupu. Injini, giaboksi, difu na milango mizima vina wanunuzi wake, na vikiuzwa kimoja kimoja huenda vikaleta zaidi ya gari zima. Likishavunjwa, omba TRA wafute usajili, la sivyo jina lako litabaki kwenye gari ambalo halipo tena.