Kuacha baadhi ya vyakula kwa ajili ya tumbo na maumivu ya nyonga: fanya kwa muda, si kwa maisha

Je, tumbo lako hujaa gesi, husokota, mara unaharisha na mara unakosa choo? Je, maumivu ya chini ya kitovu huzidi siku zako zikikaribia? Huenda una utumbo mwepesi kuchokozeka, tatizo ambalo wahudumu wa afya huliita IBS. Baadhi ya wanawake wanalo pamoja na endometriosisi, hali ambapo tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa kizazi huota nje ya kizazi. Utumbo, kizazi na kibofu vimekaribiana, na mishipa yake ya fahamu inahusiana. Ndiyo maana ni vigumu kujua maumivu yameanzia wapi.

Kwa nini chakula huleta maumivu?

Vyakula vingine vina sukari ambazo utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Sukari hizo huvuta maji, kisha bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa gesi. Kila mtu hupata gesi hiyo, lakini mwenye IBS huhisi maumivu utumbo unapotanuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walitengeneza mpango wa kupunguza sukari hizo, unaojulikana kama mlo wa FODMAP kidogo. Mpango huu unaweza kutuliza tumbo. Hauondoi endometriosisi, kwa hiyo usiache dawa wala kliniki.

Kabla ya kuanza

Muone daktari kwanza. Usiache ngano kabla ya kupima ugonjwa wa siliaki, kwa sababu kipimo cha damu huhitaji uwe bado unakula ngano. Kama una mimba, unanyonyesha, umekonda au umewahi kujinyima chakula hadi kuugua, usianze bila mtaalamu wa lishe. Mtoto pia asiwekewe mlo huu nyumbani bila mtaalamu, kwani anahitaji chakula cha kumkuza.

Hatua ya kwanza: punguza kwa wiki 2 hadi 6

Punguza kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage, kunde, mkate na chapati za ngano, maziwa, maembe, tikiti maji, tufaha na asali. Soma maandishi kwenye viungo vya pakiti, maana vingi vina unga wa vitunguu.

Unaweza kula wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, samaki, kuku, mayai, karoti, tango, machungwa, nanasi na ndizi ambazo hazijaiva sana.

Si lazima upike vyungu viwili. Kaanga vipande vya kitunguu saumu kwenye mafuta, uvitoe vyote, ndipo uweke nyanya na viungo vingine. Sukari inayosumbua haiyeyuki kwenye mafuta, lakini harufu hubaki. Usichemshe kitunguu kwenye mchuzi kisha ukakitoa, kwa sababu sukari hiyo huyeyuka kwenye maji. Majani mabichi ya kitunguu yanafaa. Wengine nyumbani wanaweza kuongezewa maharage yao pembeni.

Ukipunguza maharage, ongeza mayai au samaki. Ukiacha maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao watakupa madini ya chokaa.

Hatua ya pili: rudisha kimoja kimoja

Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Mama anapata nafuu, anaogopa kurudisha chakula, na mwaka unapita akila wali na mayai tu. Anadhoofika, anakosa choo kwa uhaba wa nyuzinyuzi, na anakwepa kula na wenzake.

Chagua chakula kimoja, mfano maziwa. Siku ya kwanza kunywa kidogo, ya pili ongeza, ya tatu kunywa kiasi chako cha kawaida. Pumzika siku 2 au 3, kisha jaribu kingine. Andika kwenye daftari ulichokula, hali ya tumbo, choo, na siku zako za hedhi. Bila kuandika hedhi, unaweza kulaumu embe kwa maumivu ya mwezi.

Hatua ya tatu: jipangie mlo wako

Kilichokusumbua kipunguze; kisichokusumbua kirudishe mezani. Huenda maharage machache hayakudhuru, ila bakuli zima hukudhuru. Jaribu tena baada ya miezi michache, kwa sababu tumbo hubadilika. Kama wiki 6 zimepita bila nafuu yoyote, rudi kwenye chakula chako cha kawaida na umwone daktari. Tatizo huenda si chakula.

Usingoje nyumbani ukiona haya

• Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami.
• Kupungua uzito bila kukusudia, homa au upungufu wa damu.
• Kuharisha kunakokuamsha usiku.
• Tumbo lililojaa kila siku bila kupungua, au uvimbe.
• Maumivu makali ya ghafla na hedhi imechelewa. Nenda hospitali mara moja, kwani huenda mimba imetunga nje ya kizazi.

Binti yako naye akikosa shule kila mwezi kwa maumivu, usimwambie avumilie kwa kuwa ndivyo wanawake walivyo. Mpeleke kliniki pamoja na daftari lake la maumivu. Litamsaidia daktari kujua aanzie wapi.