Kwa nini tunasema JESHI la Polisi?

Mmewahi kujiuliza kwa nini polisi wetu wanaitwa jeshi? Mi naona jibu linaanzia mbali.

Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikusanya askari wa kupigana pwani: Wasudani kama 600 kutoka Misri, Wasomali kadhaa, na watu wa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Mgeni hana shangazi kijijini. Akiambiwa piga, anapiga.

Jeshi hilo ndilo lililopelekwa Uhehe. Mkwawa alilichapa Lugalo 1891, ila Kalenga ikaanguka 1894, na 1896 Tom von Prince akajenga boma Iringa. Polisi wa Mjerumani wengi walitoka humohumo jeshini.

Mwingereza naye akaunda polisi wake 1919, makao makuu Lushoto. Ngazi zikaenda kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini.

Yaani kazi ya kwanza ilikuwa kuilinda serikali dhidi ya raia. Uhuru tulipata 1961, neno "jeshi" tunalo mpaka leo. Je, tumerithi jina tu au na tabia? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana.