Kasongo: Mkimbiaji hangoji barabara ikauke

Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi barabara za udongo zinateleza. Hata barabara ya taifa namba 2, inayopita hapa kuelekea Bukavu, inageuka matope, na wachuuzi wanasukuma baiskeli zao kwa mikono. Kwa kijana anayependa mbio ndefu, njia ya mazoezi ni hiyo hiyo.

Wako Wacongomani waliotoka kwenye barabara za namna hii wakafika mbali. Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kivu ya Kaskazini, alikimbia vita akiwa mtoto. Aliishi Uganda kama mkimbizi, kisha Marekani, ambako alianza riadha akiwa mwanafunzi. Baadaye alirudi Congo kufanya mazoezi na kufundisha vijana. Tarehe 21 mwezi wa nane 2016, alivaa rangi za Congo katika marathoni ya Olimpiki ya Rio: kilomita 42 na mita 195. Siku ile pia mvua ilinyesha.

Kwenye matope, mkimbiaji anafupisha hatua na kuhesabu dakika, si kilomita. Radi ikianza, anarudi nyumbani. Siku iliyopotea hailipwi kwa kukimbia mara mbili kesho yake. Hapo ndipo goti linaumia.

Kiangazi kitafika katikati ya mwaka, na udongo utakauka. Aliyekaa akikingoja ataanza upya. Aliyezoea matope ataendelea tu.