Uliza Kwanza, Onyesha Baadaye

Tunapofundisha afya au kilimo mara nyingi tunatumia maonyesho. Watu hutazama, hupiga makofi, halafu huenda nyumbani. Je, wamejifunza? Sisi tulidhani ndiyo. Siku moja tuliwaonyesha akina mama somo la kibuyu, linalohusu mtoto anayehara. Juma lililofuata tukamkuta mmoja wao amemnyima mtoto maji "ili tumbo likauke." Kosa lilikuwa letu. Hatukumwuliza kwanza yeye anaamini nini.

Jambo hili limechunguzwa hata vyuoni. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliandika juu ya maonyesho ya fizikia darasani. Wanafunzi waliotazama tu hawakuelewa kuwapita wale ambao hawakuona onyesho lolote. Lakini walioulizwa kwanza watabiri litakalotokea walielewa zaidi. Mtu akishatoa jibu lake, anataka kujua kama amepata au amekosa. Akikosa, anauliza kwa nini.

Basi tukarudia somo letu. Tulihitaji kibuyu cha mdomo mpana, kitambaa chepesi, kijiti na maji. Nanyi mnaweza kufanya hivi:

1. Toboa kitundu kidogo karibu na kitako, ukizibe kwa kijiti. Jaza maji mpaka pomoni. Funika mdomo kwa kitambaa kilicholowa, ukifunge bila kukikaza. Huo ndio utosi wa mtoto.

2. Uliza: "Nikitoa kijiti nisiongeze maji, kitambaa kitafanya nini? Kuvuja kutakoma?" Kila mtu ainue mkono kwa jibu lake. Usimcheke mtu, wala usiseme nani amepata.

3. Toa kijiti. Tazameni kimya.

4. Uliza: "Tumeona nini? Kwa nini?" Waache wajadiliane wenyewe.

Kitambaa kilibonyea ndani. Na kuvuja kulikoma, kama wengi walivyotabiri, lakini kibuyu kilikuwa kitupu! Mama mmoja akasema polepole, "Kumbe si tumbo linalokauka, ni mtoto." Hatukuwa na la kuongeza.

Kisha tulijaza tena, tukawa tunaongeza maji kadiri yalivyovuja. Kitambaa hakikuzama.

Kwa hivyo mtoto akihara, azidi kunyonya na kunywa. Chukua pakiti ya ORS na vidonge vya zinki kwenye zahanati, ufuate maagizo. Pakiti ikikosekana, tumia lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko 6 vya chai, na chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko visawazishwe, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari. Mtoto akilegea, akishindwa kunywa, utosi au macho yakizama, au choo kikiwa na damu, mpeleke hospitali upesi.

Walimu wa shule zetu wanaweza kufuata njia hii hii, na watoto wataipeleka nyumbani. Ikiwa mtafundisha juu ya mbolea, maji au mbegu, msianze na jibu. Anzeni kwa kuuliza: "Mnafikiri itakuwaje?" Halafu msubiri.