Wasiwasi Usiozimika

Mtu mwenye ugonjwa wa wasiwasi wa jumla ni nadra kufika zahanati akasema ana wasiwasi. Hulalamikia shingo na mabega yanayokaza, usingizi unaokatika usiku wa manane, tumbo linalovuruga, na uchovu ambao hata mapumziko hayauondoi. Hupimwa malaria, hupimwa presha, hupewa dawa za vidonda vya tumbo. Majibu yakitoka safi, huambiwa hana kitu. Naamini kauli hiyo ndiyo inayotupotezea wagonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani waliishi na maradhi ya wasiwasi ya aina mbalimbali, na kwamba katika kila wanne wanaohitaji matibabu, ni kama mmoja tu anayeyapata. Hawa wengine hawatapatikana mpaka tujifunze kuusikiliza mwili, kisha tuulize yale ambayo kipimo cha damu hakiwezi kuyajibu.

Wasiwasi wenyewe si adui. Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo huongeza kasi, misuli hukaza, na usagaji wa chakula huzorota ili nguvu ziende kunakohitajika. Maandalizi hayo yamewaokoa watu mbele ya nyoka na moto, na hatari ikipita nayo hutulia. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika ugonjwa huu mbiu hulia mfululizo, kwa sababu jambo lenyewe ni swali lisilokwisha: itakuwaje? Likijibiwa la ada ya shule, huja la afya ya mama, kisha la kazi, kisha la mtoto aliyechelewa kurudi dakika kumi. Maumivu ya shingo basi si ya kujifanya. Misuli imekazwa kweli, kwa miezi.

Muda ndio ufunguo, na historia ya utambuzi yenyewe inathibitisha. Mwaka 1980, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipoutambua ugonjwa huu peke yake katika mwongozo wake, kilitaka dalili zidumu mwezi mmoja. Mwaka 1987 kikapandisha hadi miezi sita, maana mwezi mmoja haukutosha kumtenga mgonjwa na mtu aliyepatwa na shida ya kupita. Mwongozo wa 2013 unataka wasiwasi uliopitiliza juu ya mambo kadhaa, siku nyingi kuliko za nafuu, ambao mwenyewe huona vigumu kuuzuia. Kwa mtu mzima ziwepo angalau dalili tatu kati ya sita: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kukaza fikra, hasira za karibu, misuli kukaza, na usingizi kuvurugika. Na zimtese, au zimkwamishe kazini na nyumbani.

Wapo watakaouliza: nani asiye na wasiwasi penye kodi, madeni na ajira ya kubahatisha? Je, hatuugeuzi umaskini kuwa ugonjwa? Hoja hii ina uzito, kwani dhiki ni chanzo halisi na dawa haiifuti. Lakini sababu ya kweli haizuii ugonjwa kuwepo, kama vile maji machafu yanavyoeleza kipindupindu bila kumponya anayeugua. Mwenye deni huliwazia deni. Likilipwa, hushusha pumzi. Mgonjwa hulipa, na usiku huohuo akili huwa imeshapata pengine pa kushika.

Wengine husema haya ni maradhi ya wazungu. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kwa neno hilo daktari Dixon Chibanda alijenga huduma ya Benchi la Urafiki, ambako akina bibi waliofunzwa huwasaidia wagonjwa kutatua matatizo yao hatua kwa hatua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha nafuu kubwa kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Nasi husema fulani ana mawazo, au roho yake iko juu. Lugha ilishauona ugonjwa huu. Hata dodoso la maswali saba la kuuchunguza, lililotungwa Marekani mwaka 2006, limefanyiwa uchunguzi kwa Kiswahili huko Kilifi, nalo likafaa.

Dodoso hilo lakini ni chekeche, si hukumu. Katika utafiti wake wa awali, alama 10 kati ya 21 ziliwanasa wagonjwa 89 katika kila 100, lakini pia wazima 18 katika kila 100. Tena tezi ya shingo iliyozidisha kazi, upungufu wa damu na wingi wa kahawa vyaweza kuiga dalili hizi, hivyo vipimo vya mwili visirukwe. Kosa ni kuishia hapo, kwa kuwa ugonjwa huu una tiba: mazungumzo ya kubadili namna ya kufikiri, na dawa pale zinapohitajika. Kumwambia mgonjwa apige moyo konde ni kumdai kitu kilekile ambacho ugonjwa umemnyang'anya. Majibu yakitoka safi, mhudumu asifunge faili. Aseme: "Mama, vipimo ni vizuri, na maumivu yako naamini ni ya kweli. Sasa niambie, tangu lini akili yako haijapumzika?"