Sungura Alale Wapi?

Mtoto mmoja wa Butembo amepewa sungura. Ni sungura mdogo, wa rangi ya majivu, mwenye masikio marefu. Jioni mtoto amwambia baba yake: «Baba, naomba sungura wangu alale ndani ya nyumba.» Baba ajibu: «Hapana, mwanangu. Nyumba ni ya watu.» Mtoto aanza kulia. Baba akasirika. Sungura alala nje.

Watoto, je, nani amekosea? Baba hakukosea, maana ana sababu zake. Mtoto naye hakukosea kuomba. Amekosea jambo moja tu: amelia kabla ya kueleza. Basi tujifunze jinsi ya kueleza vema.

Kwanza, kwa nini sungura apaswa kulindwa usiku?

Sungura wa hadithi huwadanganya fisi na simba, naye huponyoka kila mara. Sungura wa kufugwa si kama yule. Amefungiwa, hawezi kukimbia. Kwa kawaida hana sauti, kwa hiyo hatari ikija hawezi kuwaamsha watu. Mbwa huvunja kibanda chake. Panya huwala watoto wake. Mwizi humtia mfukoni naye hanyamazishwi, maana amekwisha nyamaza. Lakini adui mbaya kuliko wote ni siafu. Hao huja kwa maelfu, hasa majira ya mvua. Mnyama aliye huru huwakimbia. Mnyama aliyefungiwa huliwa pale pale alipo, na asubuhi mtoto hukuta mifupa.

Tena kuna baridi na joto. Butembo iko juu milimani, zaidi ya metri 1,700 juu ya bahari. Usiku kuna baridi na ukungu. Sungura ana manyoya mazuri, huvumilia baridi kavu. Lakini akilowa na kupigwa na upepo, huugua. Beni iko chini zaidi, juu kidogo ya metri 1,000, na huko joto ni kali. Sungura hatoki jasho kama mtu; joto la mwili wake hutoka hasa kwa masikio. Akiwekwa mchana chini ya mabati yenye moto, aweza kufa. Basi mtoto wa Butembo atafute pahali pakavu pasipo upepo. Mtoto wa Beni atafute pahali penye kivuli na hewa.

Sasa tusikilize sababu za wazazi, moja moja.

«Atanuka.» Ni kweli, mkojo wa sungura hunuka sana usipoondolewa. Lakini sungura ana tabia njema: hupenda kukojoa katika pembe moja. Tazama ni pembe gani, kisha weka hapo sanduku dogo lenye maranda ya seremala au majani makavu. Toa uchafu kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Upeleke katika bustani ya mama, maana ni mbolea nzuri kwa mboga. Mama akiona lengalenga zake zimestawi, hatasema tena habari ya harufu.

«Ataharibu vitu.» Hii nayo ni kweli. Meno ya sungura hukua siku zote za maisha yake, kwa hiyo lazima atafune. Atatafuna mkeka, chandarua, daftari, hata nyaya za taa za jua. Basi asiachwe huru nyumbani. Akae katika kizimba cha mbao au cha mianzi, na humo umpe nyasi nyingi na vijiti vya mpera. Mtoe wakati wewe upo tu.

«Ataleta ugonjwa.» Watu wazima wa Beni na Butembo wana haki kusema hivyo. Tangu mwezi wa Agosti 2018 hata Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Huko kwetu ugonjwa ule ulienea kutoka mtu hata mtu, si kwa sungura wa nyumbani. Lakini fundisho lake la usafi hudumu. Kila ukimgusa sungura, osha mikono kwa maji na sabuni. Kizimba kisikae karibu na chungu wala kitanda. Na sungura akifa ghafula, usimguse kwa mikono mitupu, wala asiliwe. Mwambie mzazi.

«Watakuwa wengi.» Mama asemapo hivyo, ajua hesabu. Sungura jike huchukua mimba siku 31 hivi, kisha huzaa watoto wanne, sita, hata kumi. Baada ya kuzaa aweza kupata mimba nyingine upesi. Basi fuga mmoja tu ndani ya nyumba. Ukitaka wawili, muulize kwanza mtu mwenye ujuzi ni dume au jike.

Labda mtoto mwerevu atasema: «Baba, mbona simbilisi hulala jikoni?» Naam. Katika milima ya Kivu jamaa nyingi hufuga simbilisi, ambao wengi huwaita dende, nao hulala jikoni karibu na moto. Wanyama hao asili yao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na huko pia hulala jikoni. Lakini baba atajibu: «Dende hutulia chini. Tena dende ni chakula na fedha.» Ajibu hivyo kwa haki. Zaidi ya hayo, jiko lenye moshi halimfai sungura. Moshi humwumiza mapafu. Yafaa zaidi pembe ya ghala, au baraza lenye mlango.

Hapo tumefika kwenye neno kubwa. Dende ni chakula na fedha. Je, sungura wako ni nini? Wewe wamwita rafiki. Baba labda amwona kama nyama ya sikukuu, au kama bei ya viatu vya shule. Mtoto asiyeuliza neno hili mwanzoni, atalia mwishoni. Basi uliza kwa heshima: «Baba, sungura huyu ni wa kufuga tu, au siku moja atauzwa?» Baba akisema atauzwa, umejua. Akisema ni wako, asante. Lakini msifiche neno hili kati yenu, maana sungura atakua, na siku ile itakuja.

Jinsi ya kuomba ni hii. Usiombe wakati baba amechoka, wala mbele ya wageni. Fanya kazi kwanza. Kwa muda wa juma zima, kata nyasi mwenyewe, uzianike kidogo, maana nyasi zilizolowa zaweza kumdhuru sungura. Mpe matembele, yaani majani ya viazi vitamu. Usimpe majani ya viazi vya Ulaya wala ya mti wa avoka, maana yana sumu. Mpe maji safi. Tengeneza kizimba. Usimwinue kwa masikio. Shika kifua kwa mkono mmoja na matako kwa mkono wa pili. Baada ya juma, wazazi wamekwisha kuona. Ndipo useme: «Baba, Mama, naomba usiku saba tu. Mkisikia harufu, au nikisahau kazi siku moja, nitamrudisha nje.»

Ombi la usiku saba ni jepesi kukubaliwa kuliko ombi la siku zote. Nalo ni la haki, maana laweka sharti juu ya mwombaji.

Na kama wazazi wakikataa bado? Tii. Labda nyumba ni ndogo, na watu ni wengi. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa upande wa Beni wamekimbia vijiji vyao, na nyumba nyingi za mjini zimepokea ndugu. Mgeni aliyekimbia apate pahali pa kulala kabla ya sungura. Hapo ujenge kibanda nje, kiwe juu ya miguu minne. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji, ili siafu wasipande. Makopo yasikauke. Funika juu kwa mabati na nyasi, ziba upande wa upepo, tia kufuli.

Yule mtoto wa Butembo alifuata njia hii. Siku ya nane baba yake hakusema «ndiyo.» Alileta msumari mmoja, akatengeneza mlango wa kizimba uliokuwa umelegea, kisha akaenda zake. Kizimba kilibaki barazani.

Maulizo

1. Kwa nini sungura aliyefungiwa hawezi kujiokoa?
2. Sungura wa Butembo na sungura wa Beni wahitaji pahali gani?
3. Taja sababu mbili za wazazi. Utazijibu kwa kazi gani?
4. Ni neno gani yafaa kuuliza mwanzoni?
5. Kwa nini baba alileta msumari?